Niliiambia Mashine Kuwa ni Kazi ya Adui

Maneno yaliyonitoa kazini yalisemwa kwa upole, chai ikiwa bado imo vikombeni. Tulikuwa watatu katika ofisi ya mama mwenye mabasi, chumba kilicho juu ya ghala lake karibu na soko la Konyo Konyo, hapa Juba: yeye nyuma ya meza, mimi, na mwenzangu ambaye nilikuwa nimefungua naye ofisi ndogo ya kutengeneza programu kule mtaa wa Munuki. Mama alitaka programu mpya. Abiria akilipia safari ya Kampala, apewe kiti chake, kisha apate ujumbe kwenye simu unaomwambia aje kituoni saa ngapi. Mimi nilidhani tumekwenda kukubaliana tutaanza lini. Mwenzangu alikuwa amekwenda kueleza kwa nini anafaa kuifanya peke yake.

"Mama, huyu dada yetu ni mtu mzuri," alisema, akinionyesha kwa kidevu. "Lakini siku hizi programu inaandikwa na akili bandia. Yeye kazi yake ni kuiuliza maswali. Sasa kuuliza nako ni kazi? Hata mimi nina mdomo."

Mama akacheka. Hakukusudia ubaya, alifunika mdomo kwa ncha ya leso, kama mtu aliyeshikwa na kicheko kanisani. Lakini alicheka, na mwenzangu akaona amecheka, akaongeza kwamba midomo miwili hula zaidi ya mmoja. Mama akacheka tena.

Nilimaliza chai yangu. Nimefanya kazi ya habari redioni kwa miaka, na kazi ile ilinifundisha kukaa kimya mtu anapojisemea mwenyewe. Lakini nilipokuwa nyuma ya boda boda narudi nyumbani nilikuwa nimekwisha kupanga ninachotaka. Nilitaka kazi ya yale mabasi. Na nilitaka niipate yeye akiwa amesimama hapo, anatazama.

Nimweleze kwa haki, maana hata adui hustahili kuelezwa kwa haki. Alikulia Kampala, kama nusu ya watu ninaowafahamu Juba. Mimi nilikulia Nakuru. Alikuwa na sauti nzuri na mashati yaliyopigwa pasi, na watu walimwita ustaz, kama wanavyoitwa hapa wanaume waliosoma. Katika ofisi yetu yeye ndiye aliyekuwa akienda kwa wateja, mimi nikabaki na kompyuta. Nilimwachia mlango kwa sababu alikuwa akiupenda. Wiki iliyofuata kikao kile nilikuta kufuli ya ofisi imebadilishwa. Nilimpigia simu, akaniambia kwamba funguo ziko kwa fundi. Fundi gani, hakusema.

Nikahamishia kazi nyumbani kwa dada yangu, mtaa wa Lemon Gaba, kwenye meza ya plastiki chini ya kibaraza. Dada ana paneli ya sola juu ya bati, na mchana jua linapokuwa kali kompyuta hujaa chaji bila shida. Aliniuliza ninafanya kazi ya nani. Nikamwambia ya yule mama. Akaniuliza kama yule mama anajua. Nikamwambia atajua.

Siku za kwanza niliifanya kazi ile kwa hasira, na hasira haikunisaidia. Nilimpa yule msaidizi wa akili bandia amri: tengeneza programu ya kuweka viti vya basi na kutuma ujumbe. Akatengeneza haraka, na kila nilichomwambia alikiita wazo zuri sana. Nilipoiwasha, ilimtaka abiria aandike barua pepe, jina la mtaa, nambari ya nyumba na nambari ya posta. Mimi mwenyewe naishi nyuma ya kisima cha kanisa, upande wa duka lililofungwa; hiyo ndiyo anwani yangu na boda boda wote wanaijua. Nilimwambia amekosea. Akaomba msamaha kwa haraka ile ile, akakosea upya kwa namna nyingine. Nikamkemea. Akaomba msamaha tena. Nilitambua kwamba ninaweza kumkemea hadi jua lizame na kila mara atakubaliana nami.

Hapo ndipo nilipokumbuka redio. Mhariri wangu wa kwanza alikuwa mwanamke mkali ambaye hakupenda habari tamu. Ukimletea habari ambayo kila aliyehojiwa amekubali kila ulichouliza, aliisukuma pembeni na kusema umejihoji mwenyewe. Mtu anayekubali kila kitu hajakuambia kitu. Ama anakuogopa, ama anataka uondoke. Kosa liko kwenye swali, kwa sababu umeuliza ukiwa na jibu mkononi.

Basi nikaacha kumpa amri. Nikamwandikia: usiandike hata mstari mmoja wa programu. Kwanza niulize kila kitu ambacho usipokijua utalazimika kukibahatisha.

Maswali yakaja. Mengi yalikuwa ya kijinga, na niliyajibu upesi. Machache yalinifanya niinue mikono kutoka kwenye kompyuta. Aliuliza kama mtu mmoja anaweza kulipia wengine. Aliuliza nini hutokea basi likiharibika njiani. Kisha akauliza: basi hili linavuka mpaka, saa mtakazowaandikia abiria ni za upande gani?

Anayeishi hapa hahitaji kuelezwa, lakini nitaeleza. Tangu nchi yetu irudishe saa nyuma, Juba iko nyuma ya Kampala kwa saa nzima. Jua likichomoza hapa saa kumi na mbili, kwenye simu ya mtu wa Kampala ni saa moja. Ni jambo dogo, tumelizoea kama vumbi, na kwa kuwa tumelizoea sikuwa nimelifikiria. Sikujua jibu. Sikujua basi la mama yule huondoka kwa saa ya nani.

Nikaenda kuuliza. Kituo cha mabasi yake kiko upande huu wa daraja la Nile, na asubuhi hujaa magunia, watoto waliovalishwa kwa safari na wauza chai. Nilimkuta dereva wa basi la Kampala, Mganda wa makamo mwenye kofia ya sufu hata kwenye joto, anakunywa chai akiwa amekaa kwenye tairi la akiba. Nikamwuliza anaondoka saa ngapi.

"Saa moja. Kila siku saa moja."

Nikamwonyesha simu yangu na kumwambia kwamba juzi nilimwona akivuka daraja saa kumi na mbili.

"Hiyo saa yako," alisema. "Mimi iko na saa ya Kampala. Bibi iko Kampala, nyumba iko Kampala, sasa saa ikae hapa inafanya nini?"

Kondakta wake, aliyekulia Nairobi, alikuwa anafunga mizigo juu ya basi. Aliniambia kutoka huko huko juu: "Siste, hapa ukiambiwa saa lazima uulize, ya hapa ama ya huko. Usipouliza utabaki na mama wa chai."

Alisema kwamba wao wenyewe, kabla ya kuachana na abiria, humwuliza hivyo kwa mdomo: ya hapa ama ya huko? Ni desturi ya kituo. Hakuna aliyewahi kuiandika popote, kwa sababu hakuna aliyeihitaji kwa maandishi. Nilisimama pale hadi chai ikapoa, nikasikiliza watu wakinunua tiketi, na kila mmoja aliulizwa vile vile, hata mama mmoja aliyekuwa anamnyonyesha mtoto na hakuinua macho kujibu.

Nilirudi Lemon Gaba nikamweleza msaidizi yote hayo kwa lugha ya kawaida, kama ninavyowaeleza ninyi. Kwamba madereva husema saa ya huko. Kwamba abiria wanaishi kwa saa ya hapa. Kwamba ujumbe lazima utaje zote mbili. Kwamba anwani hapa ni mti, kisima, kanisa na ukuta wa rangi fulani. Nilikusanya maelezo hayo mahali pamoja, na kila nilipoanza kazi nilimpa ayasome kwanza, kwa sababu hana kumbukumbu ya jana kama mtu alivyo nayo. Kisha nikamgawia kazi vipande vidogo. Kipande kimoja, nakiwasha, nakitazama kikifanya kazi, ndipo naomba kingine. Ilikwenda polepole. Lakini kila jioni nilikuwa na kitu ambacho kingesimama chenyewe.

Hata hivyo sifa zake zilinikera. Nilipomwomba aikague kazi yote, aliniambia ni safi, imepangwa vizuri, labda niongeze maelezo hapa na pale. Nilijua si kweli. Hakuna kazi ya kwanza iliyo safi. Nikakaa nikimfikiria mwenzangu katika ofisi ya Munuki, na jinsi ambavyo ningeipitia kazi yake kama ingeangukia mikononi mwangu: mstari kwa mstari, bila huruma, nikitafuta mahali pa kuingiza kisu. Wazo likanijia kutoka hapo.

Nikafungua mazungumzo mapya, ambayo msaidizi hakujua lolote juu yangu, nikampa programu yangu mwenyewe. Nikamwandikia: kazi hii ameiandika adui yangu. Kesho ataionyesha mbele ya mteja ninayemtaka. Nionyeshe kila mahali itakapomwaibisha.

Alibadilika. Mazuri ya kazi aliyaacha kando akaanza kufukua. Alisema mwandishi huyu anadhani kila abiria ana simu yake. Familia ikilipia viti kadhaa kwa simu moja, kiti cha mwisho kitavifuta vilivyotangulia, na baba atapanda basi peke yake huku mke na watoto wakibaki chini. Alisema mwandishi huyu hakufikiria nini kitatokea mtandao ukikatika katikati ya malipo. Alisema mwandishi huyu amejaribu tu mambo aliyotarajia yafaulu.

Nilisoma yale mashtaka nikasikia uso unawaka moto, kama mtu anayesengenywa. Simu moja kwa ua mzima! Mimi mwenyewe na dada yangu tulikuwa tunatumia laini moja mwezi ule. Nikarekebisha. Nikampelekea tena, bado ni ya adui. Akafukua tena, mara hii akapata machache. Niliendelea hivyo hadi siku ambayo alipapasa huku na huku na kuishia kulalamikia rangi ya vitufe. Sijawahi kufurahia lawama kama zile. Kila alipomwita yule mwandishi mzembe, mbele ya macho yangu alikuwa amekaa mwenzangu na shati lake la pasi.

Ndipo nikaenda kwa mama mwenye mabasi. Sikumwomba anirudishe. Nilimwambia: jaribu zote mbili, yake na yangu, kila moja safari moja, kisha uchague. Mama huyu alianza kwa kuuza vitunguu alivyovibeba kutoka Uganda, na hakuna kitu anachokipenda kama wauzaji wawili wanaotazamana vibaya.

"Mimi sichukui gunia bila kukata kitunguu kimoja," alisema. "Njooni wote Jumatano."

Jumatano mwenzangu alikuja na tabasamu na kompyuta mpya. Aliniuliza habari za Lemon Gaba kama mtu anayeuliza habari za gerezani. Chumba kilikuwa na mama, makarani wake wawili wa tiketi, dereva wa kofia ya sufu na kondakta. Mwenzangu akaanza kwanza, kwa kuwa yeye ndiye mkubwa. Kazi yake ilipendeza kweli, sitasema uongo. Picha ya basi ilijitokeza, viti vikajaa rangi kimoja baada ya kingine. Alieleza kwamba alimwambia msaidizi afanye kila kitu kwa siku chache, na kwamba hata majaribio aliyaandika msaidizi mwenyewe. Akawaonyesha makarani safu ndefu ya alama za kijani. Kila alama, alisema, ni jaribio lililofaulu.

Kisha akamkatia dereva tiketi ya mfano, kwa safari ya Ijumaa, na ujumbe ukaingia kwenye simu ya mwenzangu mwenyewe aliyokuwa ameilaza mezani. Basi litaondoka saa moja asubuhi. Makarani wakapiga makofi.

Mimi nilikuwa natazama simu. Ukutani kwa mama kulikuwa na saa ya duara, na ile saa na simu ya mwenzangu zilikuwa zinatofautiana kwa saa nzima. Kompyuta yake nayo ilikuwa ikisema kama simu. Alikuwa ameishi Juba miaka yote hiyo na saa za vitu vyake vyote bado ziko Kampala. Ratiba alikuwa ameipata kwa dereva, ambaye saa yake nayo iko Kampala. Msaidizi aliisoma saa ya kompyuta, akaandika programu kwa saa hiyo, kisha akaandika majaribio kwa saa hiyo hiyo, na majaribio yakaikuta programu haina kosa. Redioni tulikuwa na neno juu ya hilo: mashahidi wawili waliokunywa kwenye kisima kimoja ni shahidi mmoja. Zile alama zake za kijani, zote zilikuwa zimekunywa kwenye simu iliyolala mezani.

Ningeweza kumvuta pembeni. Ningeweza kumwambia ngazini, wakati wa kutoka, kwa sauti ya chini, naye angerekebisha jioni ile na kunishukuru au kutonishukuru. Nilimfahamu mtu yule. Nilijua kwamba ukimwambia kosa lake faraghani husikia, na ukimwambia mbele ya watu hasikii kabisa, hasa akiambiwa na mwanamke ambaye yeye mwenyewe amekwisha kumfungia mlango. Kwa hiyo nilimwambia mbele ya watu, kwa heshima zote, bila kuficha neno.

"Ustaz, hiyo saa moja ni ya hapa au ya huko?"

Kondakta aliinua kichwa. Mwenzangu alinitazama, kisha akamtazama mama.

"Dada, saa ni saa," alisema. "Mashine inajua."

"Basi huvuka daraja saa kumi na mbili ya hapa. Abiria wako wanaishi hapa. Watakuja saa moja, na basi litakuwa limekwisha kupita Nesitu, njia ya mpakani."

"Tumeanza wivu," alisema kwa makarani, nao wakacheka kidogo kwa adabu. "Nimeijaribu mara nyingi kuliko ulivyokunywa chai leo. Tazama kijani yote hii."

Nikasema sawa. Nilikuwa nimesema ukweli wote, waziwazi, na mashahidi walikuwepo. Hakuna atakayedai kwamba nilimtegea. Nikaonyesha kazi yangu, ambayo haikupendeza nusu ya yake, na ujumbe wangu mrefu uliotaja saa ya Juba na saa ya Kampala. Mwenzangu akauliza kama abiria wanapelekewa ujumbe au hotuba. Watu wakacheka tena. Niliwaacha wacheke.

Wengine walipotoka, mama alinizuia mlangoni. Aliniuliza kama ni kweli nilichosema juu ya saa. Nikamwambia: simu yake na ukuta wako havisemi lugha moja. Aliitazama ile saa ya ukutani. Nilimwona akihesabu kichwani, mama wa vitunguu, si pesa bali watu na sifa ya mabasi yake.

"Abiria wangu hawataumia kwa kiburi cha mtu," alisema. "Nitamwambia dereva asiondoke mpaka nimruhusu. Lakini hicho kiburi nataka kukiona. Kalas, imetosha, wewe nyamaza sasa."

Nikanyamaza. Sijawahi kuwa na kazi rahisi kama ile ya siku mbili zile.

Ijumaa nilifika kituoni jua likichomoza. Mwenzangu alikuwa ameshafika, na alifika kwa wakati, kwa sababu kwenye mkono wake ilikuwa saa moja kamili. Basi lilikuwa linanguruma. Ndani yake kulikuwa na wafanyabiashara wachache wa Kiganda wanaorudi kwao, ambao simu zao ni kama yake, na viti vitupu kutoka mlangoni hadi nyuma. Alikuwa amesimama kwenye ngazi ya basi akitazama barabara upande mmoja, kisha upande wa pili. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki kwa muuza chai. Nilikaa karibu naye. Hatukusalimiana sana.

Dereva alipiga honi. Akapiga tena. Kisha akatoa kichwa dirishani. "Ustaz, mimi iko hapa. Gari iko hapa. Watu iko wapi?"

"Wanakuja," mwenzangu alisema.

"Labda umewatuma mbele," kondakta akamwambia. "Labda wako Kampala tayari, wanatungoja na chai."

Wapakiaji wa mizigo walicheka, na mwanamke aliyekuwa anauza mandazi aliuliza wanacheka nini, akaelezwa, akapita akieleza wengine. Mwenzangu alichukua simu kumpigia abiria wa kwanza. Kituo kilikuwa na kelele, kwa hiyo aliweka sauti ya nje ili asikie. Sauti ya mzee ikatoka, ya mtu aliyetulia, na nyuma yake ilisikika redio na vyombo vikioshwa.

"Ustaz, nakunywa chai. Ujumbe wako si unasema saa moja? Sasa hivi ni saa kumi na mbili."

Akakata. Akampigia wa pili, wa tatu. Mmoja alikuwa anaoga. Mmoja alimwuliza kwa wasiwasi kama basi limemwacha. Niliona wakati alipoelewa. Aliitazama saa ya mkononi, akaitazama simu, kisha akanitafuta kwa macho na kunikuta pale pale, na chai yangu. Hakukuwa na haja ya kusema kitu. Nilikuwa nimekwisha kusema Jumatano.

Alikuja kwa mama. Alisema mashine imemdanganya.

"Mashine iko wapi?" mama aliuliza, akitazama pande zote kama anayeitafuta. "Mimi naona wewe umesimama hapa."

Alimwambia akae, basi litasubiri. Akakaa kwenye kiti kilichokuwa kati yetu, kwa kuwa hakukuwa na kingine, na tulikaa hivyo watatu kwa muda wote ule wa kusubiri, dereva akilaani kwa Kiganda, jua likipanda. Hakuna aliyemtukana. Kila abiria aliyefika alikuja kwa wakati wake, kwa utulivu, amebeba ujumbe sahihi wa saa isiyo sahihi, na kila mmoja aliuliza kwa nini dereva amekasirika. Kondakta alimweleza kila mmoja tangu mwanzo. Alieleza vizuri, na kwa kila abiria akaeleza vizuri zaidi. Mimi nilihesabu kila mara mwenzangu alipotazama chini, kisha nikaacha kuhesabu, nikatazama tu.

Safari ya kazi yangu ilikuwa siku iliyofuata. Watu walikuja, familia moja yenye simu moja ikapata viti vyake vyote, basi likavuka daraja kwa wakati. Hakuna anayeikumbuka safari ile, na hivyo ndivyo nilivyotaka. Jumatatu mama alinipa mabasi yote, pamoja na lile la Nimule, mji wa mpakani.

Watu husema kisasi hakishibishi. Nilisubiri nione kama ni kweli. Nilikula vizuri na nikalala vizuri.

Baada ya muda mwenzangu alikuja Lemon Gaba. Hakuja peke yake. Alikuja na mzee wa kanisa letu, mtu mpole anayependa watu wakae vizuri. Dada aliwaletea soda. Mzee alianza na maandiko, kisha akasema kwamba sisi wawili ni watoto waliorudi kutoka uhamishoni, na kwamba nchi ina kazi nyingi, ofisi ya Munuki bado ipo, kwa nini tusifanye kazi ya mabasi pamoja kama zamani.

"Tulisemezana maneno," mwenzangu alisema, akitazama chupa yake. "Mambo ya kawaida ya kazini."

"Hatukusemezana," nilisema. "Ulisema wewe. Mimi nilikunywa chai."

Mzee alikohoa. Mwenzangu akasema sawa, alisema yeye, na alikosea. Nilimwona alivyovuta lile neno kutoka tumboni. Kisha akaniomba kitu kimoja, na nikaelewa kwamba hicho ndicho kilichomleta: alikuwa na mteja mwingine, na kazi haikubali. Kila anachomwomba msaidizi anakipata, na kila anachokipata kinavunjika. Aliniuliza ninamwambia nini yule msaidizi. Aliuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza dawa.

Ningeweza kumjibu kwa maneno machache. Mwache akuulize kwanza. Nenda ukaulize watu, urudi na majibu. Usimwambie kazi ni yako.

Mzee alinitazama kwa matumaini. Nilimpa mwenzangu mkono, kwa sababu mzee alikuwa amekuja kwa miguu kutoka kanisani na asingependa kurudi mikono mitupu. Mkono wake ulikuwa na jasho. Nikamwambia kazi ya mabasi ina mtu, na nikamtakia heri na mteja wake mpya.

"Na hilo nililokuuliza?" alisema.

"Endelea kuuliza," nilimwambia. "Mdomo unao."

Walipoondoka, nilikusanya chupa. Yake ilikuwa imejaa nusu. Dada alisema niiweke kwenye kivuli, mtu ataimalizia. Niliimwaga kwenye mchanga kando ya kisima, polepole, mpaka tone la mwisho, kisha nikarudi mezani kwangu kabla jua halijapungua.